Glioblastoma, saratani kali ya ubongo: dhana potofu na ukweli kuhusu uvimbe usio na mpaka

"Daktari ameutoa wote, umekwisha." Hakuna dhana inayoumiza familia kama hii. Mgonjwa akichomwa dawa ya kung'arisha picha, MRI huonyesha pete nyeupe yenye kiza katikati, mahali ambapo seli zimekufa kwa kukosa damu. Pete hiyo ndiyo inayokatwa. Nje yake seli nyingine zimeshatambaa kufuata nyuzi za ubongo, mithili ya ndago: unang'oa jani, vitunguu vyake vinabaki udongoni. Zikivuka daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo, picha hutoka na umbo la kipepeo. Mwaka 1928 Walter Dandy, mpasuaji wa Marekani, aliripoti wagonjwa aliowaondoa nusu nzima ya ubongo. Hata hilo halikuukomesha ugonjwa.

Basi upasuaji ni bure? Hapana. Hushusha presha ndani ya fuvu, na kadiri uvimbe mwingi unavyotolewa bila kudhuru ndivyo muda wa kuishi unavyorefuka. Mionzi hufuata: jumla ya grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi), kwa mara 30 ndani ya wiki 6, ikilenga pia ukingo unaoonekana mzima, kwa kuwa uvimbe mara nyingi hurudi jirani tu. Vidonge vya temozolomidi, dawa ya kuua seli za saratani, humezwa kila siku katika wiki hizo, hata Jumapili. Utafiti wa 2005 ulionyesha kuwa vidonge hivyo vilisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Ni kidogo, lakini si sifuri.

"Kisu kikigusa, saratani inasambaa." Uvimbe huu hutambaa hata usipoguswa, na ni nadra kutoka nje ya ubongo. Asiyetaka kutolewa kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe ajue kwamba jipu, kifua kikuu cha ubongo na maambukizi ya vimelea vya toksoplasma navyo huonyesha pete hiyohiyo, na hivyo vina dawa ya kuponya.

Na simu ya mkononi? Haijathibitishwa kuusababisha.

"Deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, imemponya." Aliyeshindwa kuinua kikombe jana, leo anakula mwenyewe. Kilichopungua ni maji yanayovimbisha ubongo. Uvimbe upo palepale. Akiacha vidonge ghafla, ubongo huweza kuvimba tena, na tezi za juu ya figo, zilizokwishazoea kupumzika, hushindwa kuamka: presha inashuka, anatapika, analegea. Dawa inywewe asubuhi baada ya chakula, maana ya jioni hufukuza usingizi. Sukari ipimwe. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari.