Jiko la mkaa lisilale hemani

Kuanzia Juni hadi Agosti, mipaka ya Namanga na Holili hupitisha magari mengi yaliyofungwa mahema juu. Waliomo si Wazungu peke yao. Ni vijana wa Nairobi, familia za Mombasa, marafiki waliochangishana kutoka Kampala. Sisi wa afya ya wasafiri hapa Moshi huulizwa maswali yale yale: simba wataingia kambini? Nyoka je? Wana haki ya kuuliza. Ila kinachonitia hofu mimi ni jiko.

Mgeni akisikia mbuga za Tanzania, anawaza jua na vumbi. Kambi ya Simba, iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Mtu wa pwani aliyekuja na shuka moja na fulana atatetemeka kabla ya saa tatu usiku. Hapo ndipo anapokumbuka jiko walilochomea nyama. Makaa yangali mekundu, moshi hakuna. Analiingiza hemani lipashe joto kidogo, kisha anafunga zipu mpaka chini.

Kukosekana kwa moshi ndiko kunakodanganya. Makaa yanayofukuta penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala muwasho. Ikifika kwenye damu hung'ang'ania pale panapokaa oksijeni, tena kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida huku mwili ukikosa hewa, na kwa kuwa hakohoi, hakuna cha kumwamsha. Hema la nailoni lililotengenezwa kuzuia mvua huzuia na hewa pia. Kuacha zipu wazi kidogo si kinga.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliye ugenini, ambaye jana tu alikuwa usawa wa bahari, atasema ni mwinuko. Na kweli ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza kuanzia mita 2,500 hivi, una dalili hizo hizo. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: kuna kitu kinawaka humu, au kilichokuwa kinawaka? Kama kipo, na hasa kama wote hemani wanaumwa kichwa kwa pamoja, toeni kila mtu nje kwanza, mjadala baadaye. Kumpa mtu vidonge vya maumivu na kumrudisha kulala mle mle ni kumwongezea sumu.

Akishatoka, hata kama anasema amepata nafuu, apelekwe hospitali. Hewa ya kawaida huchukua saa nyingi kuisafisha damu. Oksijeni ya hospitali hufupisha sana muda huo. Maziwa, ambayo kwetu ni dawa ya kila sumu, hapa hayafui dafu: sumu haiko tumboni, na aliyelegea anaweza kupaliwa.

Ndugu zangu waongoza watalii na wapagazi, hili linawahusu hata kule Kilimanjaro ambako kuni na mkaa haviruhusiwi. Jiko la gesi ndani ya hema lililofungwa linatoa sumu hiyo hiyo. Najua hema la jikoni ndilo lenye joto kuliko yote. Lizimwe kabisa, hema lifunguliwe, ndipo watu walale.

Baridi ina tiba yake. Mabegi ya kulalia mazito hukodishwa Moshi mjini. Weka godoro jembamba chini, maana ardhi hunyonya joto la mwili kuliko upepo. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, ivishe soksi, iweke miguuni. Vaa nguo kavu, si zile ulizotokea nazo jasho mchana.

Kuhusu simba, kwa kifupi: kambi nyingi za hifadhini hazina uzio, kwa hiyo chakula kisikae hemani, na usitoke usiku kabla ya kumulika tochi pande zote. Mpakani, anayetoka Kenya au Uganda awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, aliyochanjwa angalau siku 10 kabla. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019.

Na namba za dharura. Mkenya aliyezoea 999 aandike upya: huku polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mtandao kambini si wa kutegemea, hivyo mkifika getini muulizeni askari wa hifadhi usiku anapatikana wapi, na gari la kumtoa mgonjwa ni lipi. Ulizeni kabla giza halijaingia.