Tagi ya Mhusika Haipimi Uwepo Wake: Dhana Potofu katika Uchambuzi wa Hifadhi za Hadithi za Mashabiki

Wanafunzi na wachambuzi wa kujitegemea wanaoniletea majedwali yao ya tagi za wahusika, yaani majina ya wahusika ambayo mwandishi wa hadithi ya mashabiki huiambatanishia kazi yake ili wasomaji waipate, huwa wamekwisha kufanya kazi kubwa kabla hawajanifikia: wamekusanya data, wamechora grafu, na mara nyingi wamekwisha kuandika hitimisho. Wanachoomba ni kuhakikishiwa kwamba hesabu ni sahihi, na kwa kawaida hesabu huwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni imani iliyoitangulia hesabu, nayo ni ileile kila mara. Nimeona niiandikie kwa urefu unaostahili, kisha nigusie nyingine chache zinazofuatana nayo.

"Mhusika mwenye tagi nyingi ndiye anayeandikwa zaidi"

Ukweli ni kwamba tagi hueleza uamuzi wa mwandishi kuhusu namna anavyotaka kazi yake ipatikane. Mwandishi huijaza sehemu ya wahusika wakati wa kuchapisha, mara nyingi akiwa na sura ya kwanza tu mkononi, huku akijiuliza maswali ambayo mchambuzi hayaoni popote kwenye jedwali lake. Je, msomaji anayemtafuta mhusika huyu ataridhika akiifungua hadithi hii? Je, asiyempenda ataudhika asipoonywa mapema? Mwandishi mmoja huorodhesha kila anayepita na kutoa salamu. Mwingine huweka wawili tu ijapokuwa hadithi yake imejaa watu. Wote wawili hawajavunja kanuni yoyote, kwa kuwa Archive of Our Own, ambayo ndiyo hifadhi inayochambuliwa zaidi, haimlazimishi mtu kuweka hata tagi moja ya mhusika.

Tuchukue kazi mbili za kubuni. Ya kwanza ina sura 40 na maneno 200,000, nayo imewekewa tagi za wahusika 18, mmoja wao akiwa nahodha wa meli anayejitokeza katika sura ya 31 kwa mistari sita, kisha haonekani tena. Ya pili ina maneno 3,000, na yote yanamhusu nahodha huyohuyo akiwa peke yake katika zamu ya usiku. Kwenye jedwali, kila moja ya kazi hizi inampa nahodha alama moja. Kuna wanaoliona tatizo hilo wakadhani dawa yake ni kuzipa kazi uzito kulingana na urefu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi, kwa sababu mistari sita sasa imegeuka kuwa maneno 200,000 yanayodaiwa kumhusu nahodha, na hadithi iliyo yake kutoka mwanzo hadi mwisho imekuwa tone lisiloonekana. Marekebisho hayo hupendekezwa kwa kujiamini sana, nami nawasihi watu wayaache.

Upande wa pili wa imani hiyo ni kudhani kwamba asiye na tagi hayumo. Katika Archive of Our Own, sehemu ya uhusiano na sehemu ya wahusika ni mbili tofauti. Anayeandika tagi ya uhusiano wa watu wawili hawekewi tagi za wahusika hao na mfumo. Asipozijaza mwenyewe, kazi yake haitokei msomaji anapochuja kwa jina la mmoja wao. Upungufu huu hauwaangukii wahusika wote kwa usawa. Wanaokosa tagi mara kwa mara ni wahusika wakuu, ambao mwandishi ameona tagi ya uhusiano imekwisha kuwatangaza, ilhali mhusika wa pembeni asiye na uhusiano wowote hana mahali pengine pa kutajwa isipokuwa kwenye sehemu ya wahusika. Anayehesabu sehemu hiyo peke yake, basi, huwapunja wakuu na kuwapandisha wa pembeni, na kosa la namna hiyo haliondoki kwa kuongeza data. Kazi 100 au milioni moja, mizani imelalia upande uleule.

Tiba yake ni rahisi, na sielewi kwa nini haitumiwi na wote. Igawe kila tagi ya uhusiano kwenye alama ya mkwaju (/), inayoashiria mapenzi, na kwenye alama ya &, inayoashiria urafiki, undugu au uhusiano mwingine usio wa mapenzi; yachukue majina yaliyopatikana; yaunganishe na yale ya sehemu ya wahusika; yaondoe yaliyojirudia ndani ya kazi moja; ndipo uhesabu. Kisha toa takwimu zote mbili, ya kabla na ya baada ya kuunganisha, ili msomaji aone tofauti ni kubwa kiasi gani.

Zaidi ya hayo, sehemu ya hesabu huzalishwa na hifadhi yenyewe. Mwandishi anapoanza kuandika jina, mfumo humpendekezea tagi zilizokwisha kukubaliwa, na kichujio cha pembeni humwonyesha msomaji tagi kumi zinazotumika zaidi katika orodha aliyoifungua. Jina linaloonekana huchaguliwa, na linapochaguliwa huonekana zaidi. Anayesema kwamba mashabiki wanampenda fulani kuliko fulani kwa kutazama idadi ya tagi amechanganya mambo matatu: upendo, uwepo katika hadithi, na urahisi wa kuchagua jina kwenye orodha.

Sisemi kwamba idadi hiyo haina thamani. Inajibu vizuri sana swali linaloihusu, yaani ni wahusika gani waandishi wanaona inafaa kuwatangaza, kwa wasomaji gani, na wakiwa pamoja na nani. Ukitaka kuvuka hapo na kuzungumzia uwepo, hakuna njia ya mkato: chagua kazi 50 kwa bahati nasibu kutoka kwenye data yako, uzisome, na mbele ya kila jina lenye tagi uandike kama mhusika huyo anaongoza hadithi, anashiriki, au ametajwa tu, kisha uandike na majina ya walioshiriki bila kuwekewa tagi. Fanya hivyo kabla ya kuchora grafu yoyote. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo pekee itakayokuonyesha tagi ina maana gani katika ulimwengu wa hadithi unaouchunguza, yaani hadithi zote zinazotokana na kazi asilia moja, na mimi sipitishi utafiti usiokuwa nayo.

"Jina linalotangulia kwenye tagi ya uhusiano lina uzito zaidi"

Katika Archive of Our Own, tagi rasmi za uhusiano wa mapenzi, yaani zile ambazo hifadhi imezichagua ziwakilishe namna zote za kuuandika uhusiano huo, kwa kawaida hupangwa kialfabeti kwa jina la ukoo. Ndiyo maana kuna Draco Malfoy/Harry Potter, M ikitangulia P, na Sherlock Holmes/John Watson, H ikitangulia W. Anayeandika kinyume chake hufungamanishwa na tagi ileile. Dhana hii ina chanzo chake, kwa sababu miongoni mwa mashabiki wa Japani, wakiwemo wanaotumia Pixiv, jukwaa la Kijapani la michoro na hadithi, mpangilio wa majina huonyesha nafasi ya kila mmoja katika uhusiano, na kuugeuza ni kutangaza hadithi nyingine kabisa. Kuichukua desturi ya hifadhi moja na kuisomea nyingine ni uzembe.

"Data iliyotolewa na hifadhi yenyewe haihitaji kusafishwa"

Machi 2021, Archive of Our Own ilitoa faili mbili kwa ajili ya wanaopenda takwimu, moja ya kazi na nyingine ya tagi. Ni zawadi kubwa, na wengi huitumia vibaya. Waandishi huandika tagi kwa uhuru wanavyotaka. Waratibu wa tagi, ambao ni watu wa kujitolea, hawayagusi maneno ya mwandishi bali huyafungamanisha nyuma ya pazia na tagi rasmi. Katika faili ya tagi, ufungamanisho huo umo kwenye safuwima ya "merger_id", ambayo hubeba namba ya tagi rasmi inayohusika. Asiyeitumia safuwima hiyo huhesabu jina kamili, jina la utani na jina lililokosewa herufi kana kwamba ni watu watatu. Nimekutana na grafu za aina hiyo mara nyingi kupita kiasi, na kila mara wanaoumia ni wahusika wenye majina mengi.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba jina moja ni mtu mmoja. Crowley wa Good Omens na Crowley wa Supernatural hutenganishwa kwa jina la kazi asilia linalowekwa kwenye mabano baada ya jina la kila mmoja, kwa hiyo anayeyafuta maelezo hayo ili "kusafisha" data amewaunganisha viumbe wawili wasiohusiana. Sherlock Holmes ni kinyume chake: tagi yake moja hubeba matoleo mengi ya mhusika huyo, hivyo haina budi kusomwa pamoja na tagi ya ulimwengu wa hadithi.

Faili ya kazi haina majina ya waandishi, kwa hiyo haiwezi kukuambia kama mhusika ameandikwa na watu 300 au na mtu mmoja mwenye bidii. Tagi zilizotumika mara chache zimefichwa majina, na anayechunguza wahusika wasiojulikana sana anapaswa kulieleza hilo mapema. Wanaopendelea kukusanya data wenyewe bila kuingia kwa akaunti nao hukosa kazi zote zilizofungiwa kwa wanachama, na waandishi wengi wamefungia kazi zao tangu maandishi ya intaneti yalipoanza kukusanywa ili kufundishia mifumo ya akili bandia.

"Wahusika wanaotokea pamoja mara nyingi wana uhusiano wa pekee"

Tuseme kuna kazi 10,000. Mhusika A ana tagi katika kazi 8,000, B katika 500, na wote wawili wako pamoja katika 450. Mchambuzi ataandika kwa furaha kwamba asilimia 90 ya kazi za B zina A. Lakini kwa jinsi A alivyoenea, tungetarajia wakutane katika kazi 400 hata kama hakuna lolote linalowavuta. Uwiano wa kilichoonekana na kilichotarajiwa ni 1.125 tu. Sasa mchukue C, naye ana kazi 500, na 100 kati ya hizo anakutana na B. Matarajio yalikuwa 25, uwiano ni 4. Ugunduzi uko kwa B na C, na jedwali lililopangwa kwa idadi ghafi lingeuficha chini kabisa.

"Grafu ikipanda, mhusika anapendwa zaidi"

Hifadhi nzima inapanda. Archive of Our Own ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009, ikafikisha kazi milioni moja mwaka 2014 na milioni tano mwaka 2019, na kwa sababu hiyo karibu kila tagi ina mstari unaokwea. Tumia sehemu ya asilimia ndani ya ulimwengu husika, mwaka kwa mwaka, na uangalie kama kuna hifadhi ya zamani iliyohamishiwa humo kwa mkupuo kupitia mradi wa Open Doors, kwani kazi hizo zilipangwa kwa mfumo mwingine kabla ya kupewa tagi za sasa.

"Hifadhi mbili zinaweza kulinganishwa moja kwa moja"

FanFiction.Net humruhusu mwandishi kuchagua wahusika wasiozidi wanne kutoka kwenye orodha iliyotayarishwa, na hapo awali walikuwa wawili tu. Pixiv huweka kikomo cha tagi kumi za aina zote. Archive of Our Own haikuwa na kikomo hadi 2021, ilipoweka jumla ya tagi 75 kwa kazi. Mhusika wa tano katika hadithi ya FanFiction.Net hajasahauliwa na mwandishi. Hana nafasi ya kuandikwa. Ulinganisho pekee ninaoukubali kati ya hifadhi hizi ni wa nafasi za wahusika ndani ya kila moja, yaani wa kwanza, wa pili na kuendelea, ukichukua kutoka Archive of Our Own kazi zenye tagi za wahusika nne au pungufu tu, na ukitaja wazi ni kazi ngapi zimeachwa nje kwa sababu ya sharti hilo.