Jana alikuwa mzima, leo hoi: maswali na majibu kuhusu chura wa kufugwa

Kwetu chura hafugwi. Akiingia ndani hutolewa kwa ufagio, na wapo wanaomrushia chumvi asirudi tena. Lakini watoto wa ndugu zetu walioko Minneapolis, London au Toronto wanao sebuleni, ndani ya matangi ya kioo: yule mnene wa kijani wa Australia, au vile vichura vya majini ambavyo asili yao ni misitu ya Kongo. Mimi mwenyewe nafuga watatu, kwa hiyo simu huishia kwangu, na maneno ni yale yale: jana alikula vizuri, leo kalala tu.

Anawezaje kuugua ghafla hivyo, bila dalili yoyote?

Mara nyingi dalili zilikuwapo ila kazificha. Chura huliwa na nyoka, ndege, hata samaki; anayejionyesha mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza.

Jambo la pili ni ngozi yake. Chura hanywi kwa mdomo. Hukaa penye unyevu na kufyonza maji kwa ngozi ya chini ya tumbo na mapaja. Ngozi hiyo hiyo humsaidia kupumua na kuweka sawa chumvi za mwilini. Chochote kilichomo kwenye maji, kwenye udongo au mkononi mwako humwingia. Ndiyo maana ile chumvi ya nyumbani humtesa vile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ana ugonjwa gani, mimi huuliza: tangu juzi, mmebadilisha nini?

Maji tu, tena ya bomba, tunayokunywa wenyewe. Yana kosa gani?

Kwako hayana. Kwake yana klorini au kloramini, zinazowekwa ili kuua vijidudu. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, usiku, nikiwa na haraka. Baada ya kama nusu saa nilimkuta chura amejibandika juu kabisa ya kioo, mbali na maji, macho kayafumba, ngozi imetoka ute mzito kama mlenda. Nilimsuuza kwa maji yaliyotibiwa, nikamweka kwenye kikopo safi chenye tishu mbichi. Asubuhi alikuwa ananitazama kwa chuki, nikajua kapona.

Klorini hutoka yenyewe ukiyaacha maji wazi kwa saa 24. Kloramini haitoki hivyo, na miji mingi ya Marekani huitumia. Nunua dawa ya kutibu maji kwenye duka la samaki, na hakikisha chupa inataja zote mbili. Maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na madini yoyote, nayo si dawa: ukimlowekea humo, chumvi za mwili wake zinatoka.

Kosa la upande wa pili ni kutobadilisha maji kabisa. Mkojo na kinyesi hugeuka amonia, na tangi jipya bado halina bakteria wazuri wa kuila. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakaua, kwa hiyo tumia vile vikaratasi vya kupimia maji.

Tulipuliza dawa ya mende chumba cha jirani tu.

Inatosha. Dawa ya mbu, manukato ya hewani, losheni mikononi, dawa ya viroboto ya mbwa, vyote ni vya kuulizwa. Mikono ioshwe, isuuzwe mpaka sabuni iishe, na ibaki na maji kabla ya kumgusa.

Mapaja na tumbo vimekuwa vyekundu.

Wafugaji huita miguu myekundu. Mara nyingi ni bakteria, hasa jamii ya Aeromonas, ambao huishi majini siku zote na humvamia chura aliyechoka kwa maji machafu, baridi au msongamano. Ila wekundu ni dalili tu: virusi wa kundi la ranavirusi huuleta pia, nao hawatibiki kwa antibiotiki. Usimsagie vidonge vyako vya kabatini. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayeshughulika na amfibia, na piga simu kwanza, maana wengi wanajua mbwa na paka tu.

Nasikia kuna fangasi anayeua vyura dunia nzima. Anaweza kuingia nyumbani?

Anaweza, akiletwa na chura mpya, mmea au maji ya porini. Anaitwa kitridi. Wanasayansi walimtambua mwaka 1998 kutokana na vyura waliokuwa wakifa Panama na Australia. Hukaa kwenye tabaka gumu la juu la ngozi, chumvi za damu zinashuka, na mwishowe moyo husimama. Kiluwiluwi ana sehemu ngumu mdomoni tu, hivyo huweza kumbeba fangasi bila shida kubwa, halafu akafa siku chache baada ya kuwa chura kamili. Hapo ndipo watu husema "ghafla".

Sisi tunamjua kwa machungu. Kule maporomoko ya Kihansi, Tanzania, kulikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto badala ya kutaga. Bwawa la umeme lilipunguza manyunyu aliyoishi nayo, na mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka. Kitridi akakutwa kwa vyura waliokufa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Aliyebaki alibaki kwa sababu mamia walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa.

Dalili: ngozi inabanduka kupita kawaida, anakaa wazi mchana, miguu ya nyuma kaitandaza. Mgeuze chali taratibu. Chura mzima hujigeuza papo hapo. Daktari hupangusa ngozi kwa pamba na kupima vinasaba, na tiba ya kawaida ni kumwogesha kwa itrakonazoli, dawa ya kuua fangasi, kwa siku kadhaa. Chura mpya atengwe wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wengine, hata kama muuzaji amekuapia.

Wangu anatetemeka na miguu imekakamaa.

Hiyo mara nyingi ni kalsiamu kushuka. Nyenje wasionyunyiziwa unga wa kalsiamu ni kama kula ugali mtupu mwaka mzima. Upungufu huja polepole, degedege huja siku moja. Tumbo gumu na kutokwenda haja ni jingine: huenda kameza kokoto pamoja na windo. Na walioko Marekani, wazuieni watoto kumlisha vimulimuli. Baadhi yao wana sumu ya moyo iliyokwisha kuua mijusi wa kufugwa.

Usiku huu hakuna daktari. Nifanye nini?

Mtenge kwenye kikopo chenye matundu, tishu nyeupe zisizo na manukato, maji yaliyotibiwa. Soma kipimajoto, kwani taa iliyosogezwa karibu mno inaweza kuwa ndiyo muuaji. Weka mahali penye giza na utulivu. Usimlishe kwa nguvu. Piga picha za ngozi na kinyesi, na chukua maji ya tangi kwenye chupa safi ya kumpelekea daktari.

Je, atatuambukiza?

Kitridi hawaumizi watu. Salmonela, bakteria wa kuharisha, ndiyo ya kuogopa: kati ya 2008 na 2011 zaidi ya watu 200 Marekani waliugua kutokana na vile vichura vya majini, wengi wao watoto. Tangi lisioshewe kwenye sinki la jikoni.

Ameshakufa. Tumzike tu?

Subiri, kama una wengine. Mfunge kwenye mfuko, mweke kwenye friji, si kwenye friza, maana barafu huharibu nyama za kupimwa, na umfikishe kwa daktari ndani ya siku moja. Maji ya tangi yatie jiki, yaache yakae, kisha yamwage chooni, kamwe si kwenye mtaro wala bwawa la jirani.