Intaneti ya setilaiti: kabla hujaongeza Mbps

Upande wa Ushongo na kusini mwa Pangani, ambako hoteli na ofisi kadhaa zinategemea sahani ya VSAT (antena ndogo ya intaneti ya setilaiti), fundi akifika ombi la kwanza ni lilelile: "Tuongezee spidi," yaani Mbps, megabiti kwa sekunde.

Dhana potofu: simu ikichelewa kujibu, Mbps hazitoshi.

Setilaiti nyingi za VSAT zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Safari hiyo tu inakula karibu nusu sekunde, hata ulipie kifurushi cha bei gani. Dawa ni setilaiti za chini, kama za Starlink zilizo kilomita 550 hivi. Hizo huchelewa milisekunde makumi tu.

Dhana: nimelipia Mbps 10, zote zangu.

Mara nyingi mnagawana. Uwiano wa 1:20 maana yake wateja 20 wamo humo humo. Muulize muuzaji kiwango anachokuhakikishia, siyo kile cha tangazo.

Dhana: QoS (mpangilio wa kipaumbele kwenye mtandao) inaongeza spidi.

Haiongezi hata biti moja. Inapanga foleni, basi. Kwenye kivuko cha Pangani, kumtanguliza mgonjwa hakupanui kivuko, ila mgonjwa anawahi.

Tuseme jioni wageni wamerudi kutoka kisiwa cha Maziwe. Simu zao zinashika Wi-Fi na kuanza kupakia picha zenyewe, bila mtu kuziagiza. Njia ya kupakia kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua, kwa hiyo inajaa upesi. Mapokezi sauti inakatika, mashine ya kadi inazunguka tu. Na simu ya sauti haidai makubwa: kwa kodeki ya G.729 (namna ya kubana sauti) ni kama kilobiti 24 kwa sekunde pamoja na vichwa vya pakiti, yaani anwani zinazobebwa na kila kipande cha data. Tatizo ni kwamba imekwama nyuma ya picha.

Ipe sauti daraja la kwanza, lakini lenye kikomo. Malipo yafuate, picha mwisho. Halafu jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: kwenye ruta, weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya spidi halisi. Usipofanya hivyo foleni itajipanga ndani ya modemu, na huko madaraja uliyoyapanga hayafiki.

Dhana: masika yakianza, hakuna cha kufanya.

Mvua kubwa hudhoofisha kweli mawimbi ya setilaiti ya masafa ya Ku, na ya masafa ya juu zaidi ya Ka hudhoofika zaidi. Lakini modemu za kisasa hubadili namna ya kusimba data ili spidi ishuke badala ya kukata. Kwa hiyo wakati wa mvua ndipo madaraja yanapofaa zaidi. Kikomo cha ruta nacho kishushwe. Kile cha siku ya jua kitakuwa juu mno.

Dhana: VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) ikiwa nzito, setilaiti ni mbovu.

TCP, kanuni inayosafirisha data nyingi za intaneti, ikiwa na dirisha (kiasi kinachotumwa kabla ya kusubiri jibu) la kilobaiti 64 haifikishi hata Mbps 1 kwa muunganisho mmoja kwenye setilaiti ya mbali, hivyo modemu huwa na kichapuzi chake, cha kuharakisha TCP. VPN ikishaficha pakiti, kichapuzi hakizioni. Omba VPN iliyounganishwa na kichapuzi, au hakikisha kompyuta za pande zote mbili zinaruhusu dirisha kubwa.