Kiambatisho si Kielelezo: Nyaraka Zako Katika Shauri la Madai

Malalamiko yanayofika masijala ya mahakama siku hizi yanafanana: "Mahakama imekataa ushahidi wangu." Tukifungua jalada tunaikuta hati imo, imeambatishwa kwenye hati ya madai, na mwenyewe haelewi kwa nini hukumu haikuigusa. Haikuguswa kwa sababu haikuwahi kuwa ushahidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelisema hili zaidi ya mara moja: kiambatisho hakigeuki ushahidi mpaka shahidi akitoe mahakamani, upande wa pili upewe nafasi ya kukipinga, na kipokelewe kuwa kielelezo.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, imepanga hatua hizi tangu 1966. Hati ambayo ndiyo msingi wa dai lako huwasilishwa pamoja na hati ya madai. Nyingine unazozitegemea huorodheshwa (Amri ya VII, yaani sehemu ya kanuni zilizo ndani ya Sheria hiyo). Nyaraka halisi hutolewa kwenye usikilizwaji wa kwanza (Amri ya XIII). Ukichelewa, utaeleza sababu ya msingi, na "nilisahau" haijawahi kuwa hoja nzuri. Wapo pia wanaoificha hati kwa makusudi ili wamshtukize mwenzao siku ya ushahidi. Hao wametazama filamu nyingi kuliko walivyosoma kanuni.

Je, kama hati anayo mpinzani wako? Amri ya XI inakuruhusu kuiomba mahakama imwamuru ataje kwa kiapo nyaraka alizonazo zinazohusu shauri, au ajibu maswali yako ya maandishi. Hati aliyoitaja mwenyewe kwenye maelezo yake, unaweza kumpa notisi uikague na uchukue nakala. Akikaidi amri ya mahakama, adhabu si ndogo: mdai anaweza kufutiwa shauri; mdaiwa anaweza kuondolewa utetezi wake, na shauri likaendelea kana kwamba hakujibu chochote. Ukishampa notisi ya kuleta hati halisi naye asiilete, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inakufungulia njia ya kutumia nakala. Hati ikiwa kwa mtu mwingine, kwa mfano benki, omba mahakama itoe wito wa kuileta. Kumtuma jamaa aliyeajiriwa huko akuchapishie taarifa za mteja si utaratibu, tafadhali.

Kuhusu ujumbe wa simu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Wengi huishia hapo. Sheria hiyo hiyo inamtaka hakimu au jaji apime ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, kama haujaguswa, na mtumaji alitambuliwaje. Kwa hiyo picha ya mazungumzo ya WhatsApp iliyochapishwa steshenari haitoshi. Simu ni ya nani, namba ni ya nani, nani alichapisha na kwa kifaa gani? Mara nyingi maelezo hayo huwekwa kwenye hati ya kiapo. Simu yenyewe itunze. Usiiuze wala kufuta ujumbe shauri likiwa bado linaendelea.

Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa vilevile, lakini kasoro hiyo kwa kawaida hurekebishwa kwa kulipa ushuru pamoja na faini yake.

Taratibu hizi za Sura ya 33 na Sura ya 6 hazihusu Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina kanuni zake za ushahidi za 1964 na utaratibu mwepesi zaidi. Makala hii pia ni elimu ya jumla. Shauri lako mahususi lipeleke kwa wakili au kwa watoa msaada wa kisheria. Watumishi wa masijala hawaruhusiwi kukushauri, hata ukiwabembeleza.

Swali la mwisho tunaloulizwa ni lini hati halisi hurudishwa. Ni baada ya shauri kumalizika na muda wa rufaa kupita, au rufaa ikishaamuliwa. Ukiihitaji mapema, andika barua ya maombi, acha nakala iliyothibitishwa, na uahidi kuirejesha ikitakiwa.