Lebo ya muziki ni nini? Waulize watu wa Stax

Ukiipata santuri ya zamani, ile ndogo ya spidi 45 yenye tundu kubwa katikati, itazame kabla ya kuipiga. Kulizunguka tundu kuna karatasi ya duara yenye jina la wimbo, la mwimbaji, la mtunzi kwa herufi ndogo, na jina la kampuni lililoandikwa kubwa kuliko yote. Karatasi hiyo ndiyo lebo. Neno lilianzia pale, kwenye kipande cha karatasi, kisha likahamia kwa kampuni iliyokibandika. Santuri zikaja kaseti, kaseti zikaja CD, CD zikaja simu, karatasi ikatoweka na jina likabaki.

Kwa lugha nyepesi, lebo ni kampuni inayogharimia kurekodi muziki, inayomiliki kilichorekodiwa, na inayokiuza. Jambo la kwanza na la tatu kila mtu analijua, lile la katikati ndilo linalosahaulika. Kilichorekodiwa, yaani rekodi mama ambayo nakala zote huzaliwa kwayo, huitwa masta. Masta si wimbo. Wimbo, maana yake maneno na melodi, una haki zake ambazo huanzia kwa mtunzi. Masta ni sauti yenyewe iliyonaswa siku ile, koo lile, ngoma zile. Mwimbaji mwingine akiurekodi wimbo upya, mtunzi anastahili chake, lakini mwenye masta ya zamani hapati kitu. Rekodi ile ya zamani ikiwekwa kwenye filamu, wote wawili hulipwa.

Huku kwetu lebo mara nyingi huchanganywa na menejimenti, labda kwa sababu mtu mmoja huweza kuwa na vyote viwili. Meneja anamtafutia msanii kazi na kuchukua asilimia. Lebo inashika rekodi. Msanii anaweza kuachana na meneja leo jioni na kesho akaanza upya. Akiachana na lebo, nyimbo alizorekodi humo kwa kawaida hubaki humo.

Lebo nayo huweza kuachwa mikono mitupu. Ndiyo maana napenda kulieleza neno hili kwa kisa cha Stax ya Memphis, jimbo la Tennessee. Motown ya Detroit ilikuwa kubwa zaidi na sifa zake zimefika mbali zaidi, lakini Motown ilizishika masta zake. Stax haikuzishika.

Jim Stewart alikuwa karani wa benki mchana na mpiga fidla jioni, mzungu aliyekulia kwenye muziki wa country. Mwaka 1957 alianzisha kampuni ndogo aliyoiita Satellite. Dada yake mkubwa, Estelle Axton, naye alikuwa mfanyakazi wa benki. Ilipohitajika mashine ya kurekodia, Estelle aliiweka nyumba yake rehani, zikapatikana dola 2,500 za kununulia Ampex. Mwaka 1960 walikodi jumba la sinema lililokuwa halitumiki, Capitol, kwenye barabara ya McLemore, katika mtaa ambao weusi walikuwa wakiongezeka na wazungu wakihama. Viti viling'olewa. Sakafu ilikuwa na mteremko kama zilivyo sakafu za sinema, na fedha ya kuisawazisha haikuwepo, ikaachwa hivyo hivyo. Waliorekodi pale wanasema mteremko ule una sehemu yake katika mlio wa Stax.

Mbele, palipokuwa pakiuzwa peremende na bisi, Estelle alifungua duka la santuri. Kwangu mimi hilo duka ndilo lililokuwa ubongo wa kampuni. Vijana wa mtaani waliingia kusikiliza, naye aliangalia ni wimbo gani unawafanya wacheze na upi unawafanya waondoke. Jibu la soko lilikuwa mita chache tu kutoka kwenye kipaza sauti. Baadhi ya vijana hao walipita mlango wa nyuma wakawa wanamuziki wa studio. Booker T. Jones alikuwa na miaka 17 wakati yeye na wenzake waliporekodi “Green Onions” mwaka 1962. Bendi yao, Booker T. & the M.G.'s, ndiyo iliyowapigia waimbaji karibu wote wa nyumba hiyo, na ilichanganya weusi na wazungu katika mji ambao ubaguzi uliwakataza kukaa meza moja hotelini.

Rufus Thomas, mtangazaji wa redio WDIA, alikuja na binti yake Carla mwaka 1960, wakarekodi “Cause I Love You”. Wimbo uliuzika Memphis, na habari zikafika New York kwa Jerry Wexler wa kampuni ya Atlantic. Mwaka uliofuata kibao “Last Night” cha Mar-Keys kilipanda hadi nafasi ya 3 Marekani nzima, ikabainika kwamba huko California kuna kampuni nyingine iliyokwisha kujiita Satellite. Kaka na dada wakachukua herufi mbili za mwanzo za Stewart na mbili za mwanzo za Axton: Stax. Kwa Kiingereza jina hilo hutamkwa sawa na neno la marundo, basi kwenye lebo ya rangi ya samawati wakachora santuri zilizorundikana.

Hapa inabidi nieleze kwa nini Stax ilimhitaji Atlantic. Mtu anayetazama kwa mbali hudhani wimbo ukipendwa lebo ndogo imeokoka. Mara nyingi hapo ndipo inapoingia mashakani. Kiwanda cha kufyatua santuri kinataka fedha yake sasa, ilhali wauzaji wa jumla katika miji mingine hulipa baada ya miezi, na santuri zisizouzika huzirudisha. Lebo yenye wimbo mkali inaweza kufilisika huku wimbo unachezwa kila redio. Dawa ni msambazaji: kampuni kubwa inayofyatua, inayosafirisha na inayokusanya madeni, kisha inaipa lebo ndogo sehemu yake kwa kila nakala. Kazi hiyo Atlantic ilimfanyia Stax kwa miaka kadhaa bila karatasi, kwa kupeana mikono tu. Stewart alimwamini Wexler, na kwa haki kabisa, mambo yalikwenda vizuri.

Yalikwenda vizuri mno, hata. Otis Redding alifika mwaka 1962 kama dereva wa mpiga gitaa mmoja, akaomba aimbe dakika za mwisho studio ikikaribia kufungwa, akaimba “These Arms of Mine”. Santuri yake haikutoka Stax bali Volt, lebo ndogo ndani ya lebo. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida: redio ziliogopa kuonekana zinapendelea kampuni moja, kwa hiyo kampuni ilivaa kofia mbili. Isaac Hayes na David Porter waliwatungia Sam & Dave “Hold On, I'm Comin'” na “Soul Man”. Juu ya mlango wa ile sinema wakaandika “Soulsville U.S.A.”, kuijibu Motown iliyojiita “Hitsville U.S.A.” Soul, kwa asiyeijua, ni muziki wa Wamarekani weusi uliochukua sauti ya kanisani ukaitia katika dansi. Ulivuma hadi Dar es Salaam, ambako mwaka 1969 wakubwa wa mkoa waliupiga marufuku.

Mwaka 1965 ile ahadi ya mikono ikaandikwa. Stewart aliomba kifungu kimoja tu cha kumlinda: Atlantic ikiuzwa au Wexler akiondoka, Stax iwe huru kujitoa. Kifungu hicho kiliwekwa. Kilichowekwa pamoja nacho ni kingine kilichosema kwamba masta za rekodi zote ambazo Atlantic inasambaza ni mali ya Atlantic. Stewart, karani wa benki kwa miaka, alitia sahihi bila kuusoma mkataba. Alikiri hivyo mwenyewe baadaye. Wexler naye alisema hakujua kifungu kile kilikuwamo, kwamba ni kazi ya wanasheria. Kila msomaji ataamini atakavyo. Karatasi haikujali nani alijua nini.

Mwishoni mwa 1967 Atlantic iliuzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ndege ya Otis Redding ilianguka katika ziwa Monona, jimbo la Wisconsin, akafa pamoja na vijana wanne wa bendi ya Bar-Kays. Wimbo aliourekodi siku chache kabla, “(Sittin' On) The Dock of the Bay”, ulifika nafasi ya kwanza Machi 1968. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King aliuawa kwenye Lorraine Motel, hoteli ileile ya Memphis ambako watu wa Stax walikuwa wakikutana kutunga nyimbo, kwa sababu hapakuwa na sehemu nyingine nyingi ambapo mweusi na mzungu waliweza kukaa pamoja. Katika miezi hiyohiyo Stewart aliufungua mkataba ili ajitoe, akakuta kwamba anaondoka na jina, jengo na vyombo. Rekodi zote zilizosambazwa tangu mwanzo zilibaki New York. Sam & Dave nao walikuwa wameazimwa tu na Atlantic, wakarudishwa kwao.

Kampuni ya muziki isiyo na nyimbo zake za nyuma ni kama mkulima aliyenyang'anywa ghala: ana shamba, lakini mpaka mavuno yajayo atakula nini? Nyimbo mpya ni bahati nasibu, za zamani ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Stax iliuzwa kwa kampuni kubwa ya Gulf+Western, na Al Bell, mtangazaji wa zamani wa redio aliyeajiriwa mwaka 1965 kuzipigia debe santuri, akaamua kwamba kama ghala ni tupu, basi lijazwe kwa mkupuo. Katikati ya 1969 Stax ilitoa albamu 27 kwa pamoja. Ilionekana wazimu. Miongoni mwake ilikuwamo ya yule mtunzi, Isaac Hayes: albamu yenye nyimbo nne tu, mmoja ukizidi dakika 18. Redio gani ingepiga kitu kama hicho? Ikauza zaidi ya nakala milioni moja.

Lebo ya karatasi nayo ilibadilika. Samawati na marundo vikaondoka, ikaja rangi ya manjano na mkono unaodatisha vidole. Wakusanyaji wa santuri wanaujua mpaka huo vizuri: samawati ni zama za Atlantic, manjano ni Stax baada ya kunyang'anywa.

Mwaka 1970 Bell na Stewart waliinunua tena kampuni kutoka Gulf+Western kwa mkopo, na Estelle, aliyeanza yote kwa nyumba yake, alikuwa amekwisha kuondoka. Hayes alipata Oscar mwaka 1972 kwa wimbo wa filamu ya “Shaft”. Tarehe 20 Agosti mwaka huohuo Stax ilijaza uwanja wa Coliseum wa Los Angeles kwa tamasha la Wattstax, kiingilio dola 1, watu zaidi ya 100,000. Ukitazama picha za siku ile huwezi kudhani kwamba kampuni ina miaka mitatu tu ya kuishi.

Kosa la pili lilifanana na la kwanza kama ndugu. Mwishoni mwa 1972 Bell aliingia mkataba wa usambazaji na kampuni kubwa ya santuri ya CBS, makubaliano yaliyosimama juu ya uelewano wake na mkuu wa CBS, Clive Davis. Mei 1973 Davis alifukuzwa kazi. Waliobaki hawakuipenda biashara ile. Stax ililalamika kwamba santuri zinakaa ghalani huku maduka ya weusi yakiziulizia, na kwamba malipo yanakatwa. Mkataba ulikataza kwenda kwingine. Madeni ya benki ya Memphis, Union Planters, yakaiva. Stewart aliingiza mali yake mwenyewe kuiokoa kampuni akaipoteza. Desemba 1975 mahakama iliifunga Stax kwa kufilisika. Al Bell alishtakiwa kwa udanganyifu wa kibenki na mwaka uliofuata akaonekana hana hatia.

Jengo lilibomolewa mwaka 1989. Mwaka 2003, palepale, ikafunguliwa jumba la makumbusho lililojengwa kwa sura ya ile sinema.

Masta ziliendelea kutembea. Zile za manjano zilinunuliwa na kampuni ya Fantasy mwaka 1977, na Fantasy ikanunuliwa na Concord mwaka 2004. Zile za samawati ziko kwa Warner pamoja na mali nyingine za Atlantic. Jina ni moja, mtaa ni mmoja, wapigaji aghalabu ni walewale, na wenye mali ni wawili wasiohusiana.

Unaweza kujionea mwenyewe kwenye simu. Fungua albamu yoyote katika programu ya kusikilizia muziki, shuka hadi chini kabisa, utafute herufi P iliyozungushiwa duara, mwaka, na jina la kampuni. Herufi hiyo inamtaja mwenye haki ya rekodi. C iliyo pembeni yake ni ya maandishi na picha za jalada. Jaribu na “Green Onions”, kisha na “Shaft”.