Lugha ya alama haimfanyi mtoto mvivu wa kuongea

Wazazi ambao mtoto wao kiziwi amepandikizwa kifaa cha kusaidia kusikia, huduma iliyoanza Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017, bado huambiwa: "Acheni kumwonyesha alama, hataongea huyo." Imani hii ni ya zamani. Mwaka 1880 walimu wa viziwi waliokutana kwenye kongamano la kimataifa Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, waliazimia lugha ya alama iondolewe shuleni. Kongamano la mfululizo huohuo lilikuja kulikataa azimio hilo mwaka 2010, miaka 130 baadaye. Vizazi vizima viliumia.

Ubongo wa mtoto hutafuta lugha, ipite sikioni au machoni. Kifaa hakiwashwi siku ya upasuaji. Huwashwa wiki kadhaa baadaye, kisha hurekebishwa kidogo kidogo wakati mtoto akijifunza kuzielewa sauti ngeni. Muda wote huo akae bila lugha? Hata baadaye, akikivua ili alale, au betri ikiisha, hasikii. Kwa alama ataomba maji, atakataa uji, atamwita bibi. Na wapo watoto waliozaliwa na wazazi viziwi, wakalelewa kwa alama, wakapandikizwa mapema, na wakaongea vizuri.

Kinachomchelewesha mtoto ni kukosa mazungumzo. Zima redio, kaa mbele yake, taja unachofanya huku ukimenya ndizi, kisha msubiri ajibu, kwa sauti au kwa mkono. Akijibu kwa mkono, mpokee, na umtamkie neno lenyewe.